Figo Moja na Bidoni Sita za Kashuga

Mukojo wangu uligeuka rangi ya maji ya mboga ya lengalenga nyekundu, na kwa msimu muzima wa maharagwe, tangu kupanda mpaka kung'oa, sikumwambia muntu. Wewe unayesoma hapa, kama nawe umeona ile rangi, ukamwaga maji haraka ili bibi yako asione, hii ninaiandika juu yako. Mimi si munganga. Shule niliacha mwaka wa ine. Lakini fika Walikale uulize, "Papa Mapovu ni nani?" Hata kuku watakuonyesha nyumba yangu.

Nilitoka kwetu Kashuga, ku milima ya Masisi, na gunia ya maharagwe mugongoni, miguu bila kiatu. Nikashuka kupitia Kalembe, nikaingia mu pori mpaka Walikale. Tulikuwa watano. Wengine wane waliona pori wakarudia njiani. Mimi sikurudi. Nikabeba mizigo ya watu, nikanunua pikipiki yenye ilikuwa imekufa, nikaifufua kwa waya na misumari. Hakuna muntu alinishika mukono. Leo niko na nyumba ya mabati na lavage, pahali pa kuoshea pikipiki na magari, pembeni ya kijito, na kabla yangu watu walikuwa wanaosha pikipiki zao kwa majani.

Sasa, jina la Mapovu lilitoka wapi? Kulikuwa kampuni moja ndogo ya ndege yenye ilifunga kazi yake. Nyuma yake ilibaki depo na bidoni kumi na saba za buluu, madumu ya plastiki nene. Mulinzi wa depo akaniita nizichukue. Nikafungua moja, ndani kuko kitu kizito, rangi kama asali. Nikatia kidogo tu mu ndoo, nikapiga maji. Ndugu yangu! Povu ilipanda mpaka kiunoni. Nyeupe, laini, pikipiki inatoka mule inang'aa kama imetoka dukani. Juu ya bidoni kulikuwa maandiko ya wazungu na picha ya moto unaowaka. Wengine wangeuliza ile picha ina maana gani. Mimi nilijijibu mwenyewe: picha ya moto ni kusema sabuni iko kali.

Miaka sita nilisimama mu ile povu, magoti ndani, mikono wazi. Nilikula ndizi za kuchoma kwa hiyo mikono. Povu ilishuka na kijito mpaka kule chini kwenye wamama wanaloweka mihogo, nami nilikuwa nasimama juu nasema, "Muone, hata muto nimeuosha."

Dada Solange alikuja wakati wa jua. Yeye ni ajenti wa serivisi ya mazingira ya teritware, ni kusema wilaya yetu, mwanamuke mufupi, na koti la mvua hata kama mvua hakuna, na dosie ya makaratasi ndani ya plastiki. Wateja walikuwa wengi siku hiyo.

"Papa, hii sabuni inaitwa namna gani?"

"Inaitwa Mapovu, kama mimi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia.

"Naomba nisome bidoni."

"Soma, dada. Mimi kama ningejua kusoma zile herufi ningekuwa waziri."

Akachuchumaa, akanakili herufi moja moja. Akasimama akapangusa magoti. "Papa, hii si sabuni. Ni povu ya kuzimisha moto wa ndege. Iko ndani ya liste ya vitu vyenye Leta, serikali yetu, imekataza, na si sisi tu, inchi mingi zilikubaliana. Hii kitu haiozi. Ukiimwaga leo mu kijito, wajukuu wako wataikuta. Na inaingia mu mwili, inakaa."

"Leta!" Nikageukia wateja. "Leta yenye haijaweka hata jiwe mu hii barabara, leo inakuja kuhesabu povu yangu?"

Wakacheka tena. Nikamuvuta pembeni, nikamwambia kwamba nyuma ya nyumba kuko mbuzi mumoja munene hana mwenyewe. Njo namna tulizoea kuongea na Leta. Akaniangalia kama munganga anaangalia kidonda.

"Huyo mbuzi umufunge vizuri, asipotee. Narudi siku ya ine ya juma kuhesabu bidoni zote, zenye kujaa na zenye kuwa tupu. Tupu nazo ziko mu sheria, Papa, juu watu wanazitia maji."

Siku ya ine. Nilifikiri haraka, kama kawaida yangu. Nilikuwa na sita tupu, na bidoni ya nguvu kama ile haitupwi. Na Siku ya Mungu, ile Jumapili ya kabla yake, ilikuwa ya mavuno kule kwetu Kashuga. Wewe wa milima unajua: kila muntu analeta kanisani matunda ya kazi yake, maharagwe ya kwanza, kuku, mihogo, na pasta anasoma majina kwa sauti. Nikasuuza zile sita mara moja tu. Nikaandikisha juu yake kwa rangi nyekundu ZAWADI YA PAPA MAPOVU, nikazipandisha na pikipiki mbili mpaka kwetu. Pasta aliposoma jina langu, ngoma zilipigwa. Wamama walipiga vigelegele. Ndugu yangu mukubwa Samweli, mwenye hakutoka kamwe mu shamba ya baba, alinishika bega mbele ya watu wote. Bidoni zikapangwa pembeni ya mulango wa kanisa, zikinge mvua ya mabati, ili waumini na wadeplase, wale wenye walikimbia vita, wa kambi ya chini wapate maji.

Niliporudi Walikale, Dada Solange akahesabu kumi na moja. Alikuwa na karatasi ya depo ya ndege yenye kuandikwa kumi na saba.

"Sita ziko wapi?"

"Zilipasuka."

Akaandika. Nikamuomba anisomee. "Papa Mapovu anasema zimepasuka." Lile neno *anasema* lilinichoma kama mwiba. Akafunga kumi na moja mu chumba, akapiga karatasi ya muhuri ku mulango, akasema camion, lori ya Leta, itakuja kuzichukua. Nilicheka kwa nguvu. Ile siku nilikojoa nyekundu mara ya kwanza.

Nilijidanganya kwa akili yangu yote, na akili ninayo. Nilisema ni lengalenga. Nikaacha lengalenga. Nilisema ni mafuta ya mawese. Nikaacha mawese. Mugongo wa kushoto ulianza kuuma kama muntu ananikalia. Mukanda wangu niliutoboa tundu mupya kwa musumari, halafu mwengine. Mama Rehema, bibi yangu, aliushika mukononi siku moja akihesabu matundu.

"Papa Rehema, nani anatoboa hii mukanda?"

"Fashoni."

"Fashoni ya kukonda?"

Siku iliyofuata alinisimamia nje ya choo, mikono kiunoni, akakataa nimwage maji mpaka aangalie. Aliangalia. Hakupiga kelele. Alienda kufunga nguo mu kitenge, zangu na zake. "Tunaenda Goma," akasema. Ilituchukua siku tano, juu barabara ilifungwa mara mbili. Mvua za mwezi wa kenda zilikuwa zimeanza.

Sitakuelezea mambo ya waganga. Nitakuelezea benchi. Benchi ya hospitali ni ndefu, ya mbao, imelainishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka mingi. Unapewa kipande cha kartoni na namba. Mimi, mwenye nikisema Walikale watu wanazima redio, niliambiwa na mufanyakazi wa usafi, "Papa, ongea pole pole, hapa kuko wagonjwa." Nikaangalia nyuma kuona anasemesha nani. Pembeni yangu alikuwa mama mumoja wa Masisi, anatoa maharagwe mu maganda huku akingoja, ili siku isipotee bure. Aliona ninavyokaa upande. Akasimama, akanipa pahali pake pa ukutani niegemee mugongo. Jina lake sikuuliza. Nimepewa vitu vingi mu maisha, nusu yake nilivichukua kwa nguvu. Kile cha ukutani nilipewa.

Kisha ekografi, mashine ya kuangalia ndani ya mwili, na mafuta ya baridi ku tumbo. Munganga alikuwa kijana mwenye sauti ndogo.

"Papa, ku figo ya kushoto kuko uvimbe. Inafaa tutoe figo yote."

"Yote? Munganga, mimi sijawahi kuachilia kitu bila kubishana."

"Bishana, Papa. Lakini bishana mbio."

Mama Rehema akamwambia, "Toa." Njo mabishano yaliisha.

Munganga akaniuliza kazi yangu. Nikamuelezea povu, na kwa ukweli nilianza kwa kujivuna. Kalamu yake ikasimama. Nikamuuliza kama njo ile ilinipa ugonjwa. "Siwezi kukuapia," akasema. "Watu wengi wanapata hii bila kugusa kitu. Lakini ile kitu ina sifa mubaya, na wewe umeoga ndani yake miaka sita. Nakuambia mambo mawili tu. Figo inayobaki, usiiletee tena ile kitu, hata tone. Na maji: kunywa mingi, kila siku, kama kazi."

Nililala na figo mbili, nikaamuka na moja na kovu kama zipu ya koti. Mwili wangu ulikuwa wa muntu mwengine. Mapaja yalikuwa kama ya mwanafunzi. Mama Rehema aliniosha kama unavyoosha mutoto, akiniimbia nyimbo za kanisa kwa sauti mubaya, na sijasikia muziki muzuri kama ule. Uji wa kwanza nilikunywa vijiko vitatu, nikalia, nikasema ni moshi.

Munganga alinikataza kurudi Walikale, barabara ni ndefu na mishono ya kovu ilikuwa mipya. Tukapanda Kashuga kwa mukubwa wangu Samweli, tungojee kontrole ya kwanza, siku ya munganga kuniangalia tena. Walikuwa wanapanda maharagwe. Nilikaa ku kiti mbele ya nyumba naangalia milima, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kuamuru. Mama Neema, bibi ya Samweli, alileta maji ninawe mikono nikule. Njia ya chemchemi haikuwa nzuri siku zile, wenye silaha walikuwa wanapita pale, basi mutaa wote ulichota kanisani. Akamwaga mu beseni kutoka juu. Povu ikatokea. Kidogo, nyeupe, pembeni pembeni.

"Muone!" Mama Neema akacheka sana. "Shemeji, hata maji ya kanisa inakujua, Mapovu!"

Wote wakacheka. Mimi nilitia mikono ndani, nikaitoa.

Sasa nakuambia jambo lenye haya, juu hii ninaiandika kukusaidia. Nilinyamaza. Kusema, ni kusema kwamba ile zawadi yenye vigelegele ilikuwa takataka yenye nilikuwa namficha Leta. Basi niliacha tu kunywa. Kopo wakileta naligeuzia mu maua nyuma ya kiti. Chai nasema imepoa. Siku ya kwanza, ya pili. Ulimi ukawa kama kipande cha kiatu. Mukojo ukarudi kuwa mweusi mweusi, kidogo, wa kuchoma.

Siku ya tatu Mama Rehema alikuta udongo chini ya maua umelowana.

"Munganga alikuambia nini?"

"Sina kiu."

"Nimekubeba kutoka Walikale. Nimekuosha. Wamekupasua kama samaki ili ubakie na hii moja, na hii moja unaikausha? Unanitafutia ujane juu ya nini? Sema!"

"Maji si muzuri."

"Maji ya kanisa?"

"Bidoni."

Nikamuelezea yote, sauti chini. Nilingoja apige makelele. Aliangalia upande wa jikoni, kwenye moshi ulikuwa unatoka.

"Neema anapikia watoto nayo," akasema. "Na kambi yote." Akanyoosha mukono. "Nipe namba ya ule dada."

"Atanifunga."

"Akufunge. Toa namba."

Aliongea naye mwenyewe, akasema ukweli wote bila kuongeza sukari. Kisha akazunguka nyumba kumi kabla jua halijashuka, akiambia wamama wasichote. Kaka Samweli alisikia kutoka kwa jirani. Alikuja akasimama mbele ya kiti changu na jembe mukononi, akaniangalia, akarudi shambani. Siku mbili hakunisemesha. Wanaume walianza kufuatana wengi wengi kwenda chemchemi, wakiogopa, na jerikani ya maji ya kwanza waliyoleta, Samweli aliiweka mulangoni pangu.

Dada Solange alitoka Walikale na pikipiki ya kukodi, mu mvua, na njia yote kupitia Kalembe unaijua. Alifika na matope mpaka shingoni, lile koti lake limepasuka mukono, dosie kavu ndani ya plastiki. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na hotuba. Yeye alifungua begi akatoa chupa ya maji.

"Papa, umekunywa leo?"

"Kidogo."

"Kunywa kwanza. Tutagombana nyuma."

Nikanywa, na yeye akisimama pale akitonya matope mbele ya mulango. Mimi nimeona wakubwa wa kila aina. Nimeona wenye silaha na wenye tai. Muntu mwenye alisafiri siku mbili mu matope juu ya bidoni tupu sita, bila askari, bila kuomba hata ndizi, nilikuwa sijaona. Nilikuwa nafikiri Leta ni mukono unaonyooshwa. Siku ile niliona kwamba kuko pia Leta inayohesabu mpaka inapata.

Ilikuwa Siku ya Mungu, tukaenda naye kanisani. Pasta hakufurahi.

"Dada, kitu kimetolewa kwa Mungu hakirudi."

"Pasta, mimi Mungu simugusi," Solange akasema. "Lakini wanaokunywa ni wangu. Niko na arete hapa, amri ya Leta yenye muhuri, nikusomee?"

Samweli akasimama kati ya waumini. "Mwenye zawadi aseme yeye mwenyewe."

Nikashika mugongo wa benchi nikasimama. Kovu lilivuta. Sauti yangu yenye ilikuwa inajaza barabara ilitoka nyembamba, na kanisa likainama mbele kusikiliza.

"Hizi bidoni sikumutolea Mungu," nikasema. "Nilizificha kwake."

Mama mumoja wa kambini, na mutoto mugongoni, akauliza kutoka nyuma: "Tunakunywa tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Na mutoto wangu?"

Solange njo alienda mpaka pale alipokaa. Hakumudanganya. Alisema hawezi kumuambia kwamba hakuna kitu kimeingia. Anajua tu kwamba kuacha leo ni bora kuliko kesho, kwamba jina la mutoto litaandikwa, na kituo cha afya kitamuangalia. Akaandika majina mpaka kalamu ikakauka, akaomba nyingine kwa pasta.

Vijana wa kwaya wakazitoa. Mimi sikuweza kubeba. Nilisimama pembeni ya mulango, na jina langu likapita mbele yangu mara sita, kwa herufi nyekundu, kwenda nje ku mvua. Hakuna muntu aliyepiga ngoma.

Amande, ile faini ya Leta, nililipa. Na bidoni mupya, za kuwekea chakula na maji, nilizinunua mimi, juu sheria yao inasema mwenye kuchafua njo anasafisha, na Dada Solange alichagua zenye nguvu kupita zote, bila huruma. Pasta aliniuliza kama niandike jina. Nikamwambia aache hivyo. Camion ya Leta ilikuja kweli, ikabeba zote kumi na saba, na wanaume waliovaa kinga mikononi na miguuni. Lavage yangu sasa inatumia sabuni ya kipande, maji machafu inaingia mu shimo lenye Solange alipima na kamba yake. Povu ni kidogo. Wateja wanalalamika. Nawajibu kama wanataka povu waende kunywa bia. Na ingali lavage ya kwanza ya Walikale, hiyo usisahau.

Kwa hiyo, wewe mwenye mukojo mwekundu: mwambie bibi yako leo. Beba kitu cha kufanya ku benchi. Ukiulizwa kazi yako, sema yote, hata yenye unaonea haya. Na kama kuko ajenti anakuja kwako na dosie na kamba ya kupima, usihesabu wateja wanaocheka. Mupe kiti.

Kontrole yangu ya mwisho ilikuwa nyuma ya mavuno ya maharagwe. Mama Rehema alikaa pembeni yangu, mukono wake ku goti langu, uso wake kama jiwe. Munganga alipitisha ile mashine ya baridi, akairudisha mara ya pili na ya tatu, mpaka nilianza kumuomba Mungu bila hotuba yoyote. Kisha akapangusa mafuta ku tumbo langu yeye mwenyewe.

"Iko muzuri, Papa. Kusema kweli, iko imekua. Iko inafanya kazi ya watu wawili, na hailalamiki."

Mama Rehema akasimama, akachukua shati langu ku musumari, akanitupia.

"Kama mimi tu," akasema. "Vaa, twende."